Helios 44-2, 44M, 44M-4 na 44M-6: nimezipiga zote hapa Mbeya, tujadili ipi ya kutolea hela

Loleza58

Wakuu, salaam kutoka Mbeya, baridi ya Juni inatunyoosha.

Kwenye magrupu yetu ya wapiga picha huku Nyanda za Juu kuna swali halichoki kurudi: kati ya Helios, zile lenzi za zamani za Kisovieti, ipi kali? Na majibu ni yale yale ya kukariri video za watu wa nje. 44-2 ndiyo mfalme, 44M-4 takataka, 44M-7 dhahabu. Matokeo yake 44-2 imepandishwa bei mpaka inakera, na 44M inalala mezani hakuna anayeigusa.

Mimi ninazo tatu, na ya nne, 44M-6, nimeazimwa na jamaa yangu wa Soweto. Nimezifunga zote kwenye kamera yangu ya Canon 6D, stendi ile ile, mtu yule yule kakaa benchi lile lile, nyuma yake mikaratusi ya kule Uyole na jua linashuka katikati ya majani. Nitawaambia nilichokiona, halafu mnishambulie.

Historia kidogo kwa wageni. Helios 44 ni lenzi ya milimita 58, f/2 (namba ya tundu la mwanga, ikiwa ndogo tundu liko wazi zaidi), vioo sita kwenye makundi manne. Mchoro wake asili ni Biotar ya Carl Zeiss ya Jena, Ujerumani, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita Jena ikaangukia upande wa Wasovieti, na kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, jirani na Moscow, kikaanza kutoa ya kwake. Mwanzoni iliitwa BTK, kisha ndiyo ikawa Helios 44. Ikaja na kamera ya Start mwaka 1958, halafu ikahamia kwenye kamera za Zenit na kuzaliana bila kipimo. Baadaye Minsk na Valdai nao wakaitengeneza.

Sasa matoleo.

44-2 ndiyo iliyokuja na Zenit-E nyingi. Skrubu ya M42 (kipenyo cha milimita 42), visu vinane (vibamba vinavyofunga tundu la mwanga), filta ya milimita 49, na apecha, yaani hilo tundu, ya ringi mbili: moja unaweka kikomo, nyingine unafungua na kufunga kwa mkono bila kusikia "tik tik". Hakuna pini, hakuna swichi. Kila kitu mkono wako.

44M ni vioo vile vile kwenye mwili mnene zaidi, filta 52, visu vinane pia, ila nyuma ina pini ili kamera kama Zenit-TTL ifunge apecha yenyewe unapobonyeza shata. Pembeni ina swichi ya A (kamera ifunge yenyewe) na M (ufunge mwenyewe). Hiyo swichi muiweke akilini.

44M-4 visu sita, pini ipo, swichi wameiondoa.

44M-5, 44M-6 na 44M-7 ni ndugu wa 44M-4. Tofauti ni upimaji. Lenzi ikitoka kwenye mstari wa kiwanda inapimwa inaonyesha mistari mingapi kwa milimita, kisha inapewa namba yake. Kwa M-6 kiwango ni mistari 45 katikati na 25 pembeni. M-7 ni 50 na 30. Ni kama viazi vya hapa Uyole: shamba moja, vikubwa gunia hili, vidogo gunia lile. Hakuna mchoro mpya, hakuna kioo cha siri.

Nilichokiona kwenye f/2:

Mzunguko wa nyuma, ule ambao watu wanauzimia, upo kwenye ZOTE NNE. Nimempa mke wangu picha bila majina azipange kwa mzunguko, akaniuliza kama ninamtania. Na iko hivyo kwa sababu mzunguko unatoka kwenye mchoro wenyewe. Miale inayoingia kwa upande inakatwa na kingo za mwili wa lenzi, kwa hiyo kila kidoa cha mwanga kilicho pembeni ya picha kinabanwa na kuchongoka huku na huku, na vyote vinajipanga kuzunguka katikati. Visu havihusiki hapo. Ukiwa f/2 visu vimejificha vyote, viwe vinane au sita.

Ukali katikati: 44M-6 inaongoza kwa unywele, tena ukikuza. Kati ya 44-2 na 44M sioni kitu.

Kupiga ukielekea jua: hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. 44M-6 niliyoazimwa ina alama ya MC, yaani tabaka nyingi za kuzuia mng'ao, na picha inabaki na weusi wake. 44-2 yangu ina tabaka moja, na jua likigusa kioo picha yote inakuwa ya maziwa. Wengine ndicho wanachokitafuta hicho, sawa. Ila wajue wananunua ukungu.

Kufikia f/5.6 zote ni kali, na zote zinafanana kiasi cha kuboa.

Msimamo wangu: acheni kununua namba. Nunueni nakala safi yenye fokasi laini na visu vikavu visivyo na mafuta, na muangalie kama pini yake itafanya kazi kwenye kamera yako. Nawasilisha.

Mtoto wa Kihesa

Mkuu umetisha. Naweka kambi hapa.

Swali: mimi nina Canon 600D. Nimeona mzunguko kwenye video za watu mpaka nikaagiza 44-2, imefika Iringa wiki iliyopita, nimemuweka dada yangu pale Gangilonga, nikapiga, nyuma imekaa tu kimya. Majani yamelainika lakini hayazunguki. Nimeuziwa feki?

Loleza58

Hujauziwa feki. 600D ina sensa ndogo, ya kropu, inachukua katikati ya picha tu, na mzunguko unaishi pembeni. Yaani kamera yako inatupa sehemu uliyoilipia. Kwako hiyo 58 inakuwa kama 93, nzuri kwa sura za watu, lakini usitegemee tufani.

Bado unaweza kuuona kidogo. Mtu wako awe mita moja na nusu hadi mbili, nyuma yake kuwe na majani yenye matundu ya mwanga, mita kadhaa kutoka alipo, na apecha iwe f/2 kamili. Gangilonga juu ya jiwe nyuma yako ni anga na mji wa mbali, hakuna kitu cha kuzungusha. Shuka chini kwenye miti.

Mchambuzi wa Uyole

Nisiwe mnafiki. Canon 50mm f/1.8 STM mpya inafokasi yenyewe, haina fangasi, ukiielekeza kwenye jua haikulilii. Mnatoa hela kwa lenzi ambayo watoto wa Kirusi waliitupa kabatini, halafu mnakuja kujadili visu sita au vinane. Hela ya mbolea hiyo.

Dada Mafinga

Mchambuzi, kaka yangu, wewe unapiga harusi? Mimi napiga video za send-off na harusi, Mafinga mpaka Makambako. Hiyo 50 unayoisema ninayo na ninaipenda, lakini ringi yake ya fokasi inaendeshwa na mota. Ukizungusha kwa mkono haujui umefika wapi, ukizungusha haraka inaenda kivyake. Helios ringi ni ya chuma, ina mwanzo na mwisho, naweka alama kwa penseli: bibi harusi akiwa mlangoni hapa, akifika kwa mama mkwe hapa. Na hiyo apecha ya 44-2 isiyogonga, unaifunga taratibu mtu akitoka kivulini kwenda juani bila kusikika kwenye sauti.

Kwa video 44-2 si ushamba, ni kifaa cha kazi. Hapo ndipo ningemrekebisha Loleza58: kwake matoleo ni sawasawa, kwangu sivyo. 44M ikigonga kila hatua ya apecha inanisumbua.

Loleza58

Dada nimekubali kwa video. Mimi nilikuwa naongelea picha za mnato.

Mzee wa Kitanzini

Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa na studio Iringa mjini enzi za mkanda, na Zenit-E ilikuwa ng'ombe wetu wa maziwa. Nimesoma nikacheka, maana lenzi hiyo nimeishika kwa miaka mingi na sijawahi kuona huo mzunguko mnaougombania.

Mtoto wa Kihesa

Shikamoo mzee. Hukuwahi kuuona kabisa? Kweli?

Mzee wa Kitanzini

Marahaba mwanangu. Kweli, na sababu nimeijua baada ya kumsoma huyu wa Mbeya akitaja f/2. Hakuna aliyekuwa anapiga f/2 mchana.

Zenit-E shata yake inaanzia 1/30 na kuishia 1/500, basi. Mkanda tuliokuwa tunapata ulikuwa wa ASA 100, leo mnaiita ISO. Jua la Iringa saa sita mchana, kanuni ya darasani ni f/16 kwa 1/100. Ukienda 1/500, ambako ndiko mwisho, apecha inatakiwa f/8 au karibu yake. Ukifungua mpaka f/2 unaunguza mkanda, mteja anakuja kuchukua picha yake ya kipaimara anakuta mtoto amekuwa mzimu. Kwa hiyo sisi tulikuwa f/8, f/11, sura kali, shati kali, ukuta wa nyuma nao mkali. Ndani ya studio taa ndogo, tunafungua kidogo, lakini nyuma kuna pazia, pazia halizunguki.

Tena wengi wetu hatukuwa na Helios. Zenit-E nyingine zilikuja na Industar 50-2, ile nyembamba ya f/3.5. Mwenye Helios alikuwa na jina mtaani.

Mita yake ilikuwa ya seleniamu, ile sahani ya vioo vidogo vidogo juu ya lenzi, haitaki betri. Zikizeeka zinadanganya. Tukawa tunakisia mwanga kwa macho, na kwa macho tukapata riziki.

Tukuyu Mvua

Mzee shikamoo. Hii ndiyo nondo ambayo sijaisoma popote. Ndaga fijo.

Loleza58

Shikamoo mzee. Na hesabu hiyo inawahusu hata wa leo. Kutoka f/16 mpaka f/2 ni hatua sita, kwa hiyo 1/100 inakuwa 1/6400 kwa ISO 100. 600D na hata 6D yangu zinaishia 1/4000. Maana yake saa sita mchana hata kamera ya kidijitali inaunguza ukiwa f/2. Ndiyo maana nimepiga jioni. Anayetaka mchana atafute filta nyeusi ya kupunguza mwanga, 49 kwa 44-2 na 52 kwa 44M na M-4. Msinunue moja mkidhani itaingia zote.

Bwana Njombe

Kamweneni wote. Mimi Nikon D3200. Nimeshanunua adapta ya M42 kwenda Nikon, ile ya ringi tupu bila kioo. Lenzi ni 44M-4. Nikipiga mtu wa karibu safi, nikigeukia mlima au hata mtu aliye ng'ambo ya barabara, ukungu. Naambiwa nakala mbovu. Pia picha zote ni f/2, nikizungusha ringi ya apecha hakuna kinachobadilika. Na kamera hainipimii mwanga. Nimekata tamaa, nataka kuiuza.

Loleza58

Pole mkuu, una matatizo matatu na hata moja si la lenzi.

La umbali. Lenzi za M42 zimetengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye mkanda au sensa. Canon EF ni 44, kwa hiyo kuna nafasi ya adapta nyembamba na kila kitu kinakaa pake. Nikon F ni 46.5. Tayari imeshapita kabla hujaweka adapta. Lenzi yako inakaa mbele kuliko inavyotakiwa, basi inaona karibu tu, mita mbili tatu hivi, mlima hauupati hata uzungushe mpaka kesho. Kuna adapta zenye kioo cha kusahihisha, lakini vile vya bei rahisi vinaharibu picha uliyoitafuta. Baki na sura za watu wa karibu.

La apecha. Hiyo ndiyo swichi niliyosema muiweke akilini. M-4 haina A/M. Ina pini nyuma, na pini isipobonyezwa visu vinabaki wazi muda wote. Tafuta adapta yenye ukingo kwa ndani unaokandamiza pini. Ukingo ukiwepo, ringi inafanya kazi kama kawaida. 44M unasogeza swichi kwenye M umemaliza. 44-2 haina pini kabisa. Hapa, na si kwenye ukali, ndipo naona 44M-4 inastahili kuwa na bei ya chini.

La mita. D3200 haipimi mwanga kwenye lenzi isiyo na chipu. Weka kamera kwenye M (kupanga mwanga kwa mkono), piga moja, tazama, rekebisha. Fanya kama Mzee wa Kitanzini.

Mzee wa Kitanzini

Macho hayaishi betri.

Bwana Njombe

Aisee. Duka lililoniuzia liliniambia adapta "ni universal". Asante sana mkuu. Siuzi kwanza.

Kalamu Nyeusi

Samahani, mnaongea kama 44-2 zote ni moja. 44-2 ya KMZ, ile yenye alama ya prizma na mwale unaopita ndani yake, ni bora kuliko ya Valdai na Minsk. Hilo linajulikana dunia nzima. Namba mbili za kwanza za siriali ni mwaka. Mimi sinunui zaidi ya mwaka 1980. Baada ya hapo walikuwa wanabana tu matumizi.

Loleza58

Alama sawa, namba za mwaka kwa nyingi ni sawa. Lakini nionyeshe picha. Mimi nilishika 44-2 mbili za KMZ, miaka inayokaribiana, moja pembeni yake kushoto ilikuwa laini kuliko kulia, nyingine sawa pande zote. Tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa kubwa kuliko tofauti niliyoiona kati ya 44-2 na 44M. Lenzi imeshafunguliwa na mafundi wangapi tangu enzi za Brezhnev kule Usovieti? Kioo kikirudishwa kimepinda kidogo, alama ya kiwanda haikusaidii.

Kalamu Nyeusi

Nakala mbili hazithibitishi kitu.

Loleza58

Na "inajulikana dunia nzima" nayo haithibitishi. Weka picha mkuu, f/2, mandhari moja, KMZ na Valdai. Nitaomba radhi hapa hapa.

Kalamu Nyeusi

Nitaweka.

Dada Mafinga

Tunasubiri 😀

Tukuyu Mvua

Mimi naomba tuongee fangasi, maana ninyi wa Mbeya mjini na Iringa hamjui mvua. Huku Rungwe nguo zinaota ukungu kabatini, sembuse lenzi. Nilikuwa na 44M nzuri, nikaiweka kwenye begi lake la ngozi kama ilivyokuja, masika yakapita, nilipoitoa ina nyuzi nyeupe kama mizizi kuanzia pembeni ya kioo. Nimeambiwa niitupe isiambukize nyingine. Kweli?

Mzee wa Kitanzini

Usiitupe. Begi la ngozi ndilo adui, ngozi inatunza unyevu na kuulisha ukungu. Sisi tulikuwa tunazitoa lenzi kwenye mabegi yake siku ya kwanza.

Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ile ya kuwekea unga, tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na redio. Vikishiba unyevu vianike au vipashe moto taratibu, virudi. Kisha tumia lenzi yako. Lenzi inayotoka nje kupigwa mwanga na hewa haioti kirahisi. Inayolala gizani ndiyo inaota.

Kusafisha: Helios ni katika lenzi rahisi kufungua nilizowahi kushika, fundi mwenye mkono mtulivu anaweza. Kama nyuzi bado hazijala tabaka la kioo, inarudi safi. Zikiwa zimekula, alama inabaki lakini mara nyingi picha haionyeshi, ila ukielekea jua. Usianze na kisu cha jikoni tu.

Tukuyu Mvua

Nimekuelewa mzee. Kuna aliyeniambia pia hizi za zamani zina mionzi, mke wangu hataki iwe chumbani.

Loleza58

Zinazojulikana kwa mionzi ni kama Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Wajapani, ambayo baadhi ya vioo vyake vimetiwa thoriamu na vinageuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Helios 44 haimo kwenye habari hiyo. Mwambie shemeji alale.

Mtoto wa Kihesa

Nimerudi. Nimeshuka chini kwenye miti kama mlivyosema, jioni, f/2. Bado si tufani lakini majani yameinama kuzunguka kichwa cha dada. Nimefurahi. Ila fokasi inanitesa, kwenye tundu la kutazamia naona kali, nikifungua kwenye kompyuta kali ni sikio.

Dada Mafinga

Usitumie tundu la kutazamia. Washa skrini ya nyuma, kuza mara kumi kwenye jicho, zungusha mpaka kope zisimame, piga. Kioo cha ndani cha hizi kamera hakikutengenezwa kwa fokasi ya mkono ya f/2. Ukipata adapta yenye chipu kamera italia "bip" ikifika, inasaidia, lakini usiiamini kuliko jicho lako.

Na mwambie dada yako asicheke. Akicheka kichwa kinasogea 😂

Mwenye Sony

Nimeukuta uzi umechangamka. Mimi niko Mbeya, Sony a7, kwangu adapta si tatizo, kuna nafasi ya kutosha. Skrini inaonyesha kabisa nilipofokasi kwa rangi. Nimepata ile Helios 44 ya zamani, ya fedha, visu 13, lakini skrubu yake haikai kwenye adapta ya M42, ni nyembamba kidogo.

Loleza58

Hiyo ni M39 ya Zenit za mwanzo, hongera, hiyo ndiyo yenye boke (ukungu wa nyuma) tofauti kweli ukifunga kidogo. Visu 13 duara linabaki duara hata f/4, wakati M-4 inatoa pembe sita. Weka ringi ya M39 kwenda M42, ni kiringi kidogo tu. Inaweza kukukosesha kidogo mbali kabisa, maana hizo zinakaa milimita 45.2, lakini kwenye adapta ndefu ya Sony mara nyingi kuna nafasi ya kurekebisha.

Angalizo kubwa: USINUNUE adapta ya M39 ya Leica. Skrubu itaingia vizuri kabisa, lakini Leica ni milimita 28.8. Utaona ukungu kuanzia sufuria mpaka Rungwe.

Mwenye Sony

Daah, nilikuwa nimeshaiweka kwenye kapu. Nimetoa.

Mchambuzi wa Uyole

Naona hata mimi mmeniharibu. Swali la kizushi: kuna mtu aligeuza kioo cha mbele ndani nje, picha katikati kali, pembeni ndoto. Nani kajaribu?

Loleza58

Ahaa, mbolea imehamia wapi sasa 😂

Inawezekana, unafungua ringi ya mbele, unageuza kioo, unafunga. Pembeni panayeyuka kabisa. Kwangu ni mchezo wa jioni moja, na nisingeufanya kwenye nakala safi. Ukiwa na yenye mikwaruzo, cheza.

Bwana Njombe

Nimewahi kwenda Kitulo kipindi cha mvua, maua yameshika uwanda wote. Mwakani nataka kwenda na hii M-4 hata kama haioni mbali, maua yako karibu. Mnaonaje?

Loleza58

Hapo ndipo Nikon yako itakapokulipa. Ile milimita inayokunyima mlima inakusogeza karibu na ua. Funga mpaka f/4 ili ua zima lishike, maana ukiwa karibu hivyo f/2 inashika petali moja. Lakini kwa f/4 unahitaji adapta ya ukingo, kwa hiyo anza na hiyo.

Na kule ni zaidi ya mita 2,600, asubuhi ringi ya fokasi itagoma. Grisi ya zamani ikipata baridi inakuwa lami. Yangu ya 44-2 asubuhi ya Juni hapa mjini tu nalazimika kuikumbatia kwanza ndani ya koti. Fundi anaweza kuosha na kuweka grisi nyepesi, ila asizidishe. Ikizidi inatambaa mpaka kwenye visu. Unaponunua fungua na funga apecha ukielekeza kwenye dirisha, visu viking'aa kwa mafuta, punguza bei au ondoka. Kwa M-4 hilo ni baya kuliko 44-2, maana visu vyake vinarudi kwa springi. Vikinata havirudi. Vya 44-2 unavisukuma mwenyewe kwa mkono.

Kalamu Nyeusi

Nimeleta picha. KMZ ya 1976 na Valdai, zote f/2, mti mmoja wa parachichi, kamera fulufremu (ya sensa kubwa isiyokata pembeni). Sikuandika ipi ni ipi. Kushoto A, kulia B. Semeni.

Dada Mafinga

A ina rangi ya joto kidogo. Mzunguko uleule. Nasema A ni KMZ.

Mwenye Sony

B ni KMZ, pembeni pako kali zaidi.

Mtoto wa Kihesa

Naona mti.

Mzee wa Kitanzini

B imepigwa jua limeshuka zaidi, angalia kivuli cha shina. Huwezi kulinganisha rangi. Rudia mwanangu, zifuatane haraka.

Kalamu Nyeusi

Sawa mzee, nitarudia. B ndiyo KMZ. Lakini nakiri ukali wa katikati siuoni tofauti. Pembeni B ni kali zaidi kidogo upande wa kulia tu.

Loleza58

Upande mmoja tu mkuu? Basi hiyo ni A kioo chake kimepinda, siyo kosa la kiwanda cha Valdai. Rudia tuone.

Dada Mafinga

Wakati tunamsubiri, Loleza58, hizo zako utauza yoyote? Nahitaji 44-2 ya pili ya kamera ya pembeni.

Loleza58

44-2 haitoki. 44M naweza kuitoa, najua inagonga apecha, lakini kamera ya pembeni si inabaki f/2.8 ukumbi mzima? Swichi kwenye M, weka 2.8, usiiguse tena. Visu vikavu, fokasi laini, kioo cha mbele kina mkwaruzo mmoja mdogo pembeni ambao nitakuonyesha kwa tochi. Nipo Kabwe kila Jumamosi. Njoo na kamera yako na adapta yako, upige hapo hapo, ukuze, ndipo tuongee bei.

Dada Mafinga

Jumamosi hii nina harusi Makambako. Nakuja ijayo. Usimpe mtu.

Mchambuzi wa Uyole

Akichelewa mimi niko Uyole, ni daladala moja tu.